Kemo kwa kansa ya kichwa na shingo iliyofika mbali: lini inaponya, lini inapunguza makali

Daktari amesema kansa ya koo iko hatua ya nne na mgonjwa wako anaanza kemo wiki ijayo. Nyumbani kila mtu ana lake. Mjomba anasema kemo ndiyo inayoua watu. Jirani anasema kuna mtu alipigwa dripu mbili tu akapona. Mwingine anashauri mrudi kijijini kwanza, mjaribu dawa za miti shamba kwa mwezi mmoja.

Kabla ya kuamua chochote, soma hapa. Haya ndiyo mambo ya msingi kuhusu kemo kwa saratani hii.

Ni saratani gani hasa?

Tukisema saratani ya kichwa na shingo hatumaanishi ubongo wala macho. Tunamaanisha mdomo, ulimi, fizi, koo, sanduku la sauti, nyuma ya pua, mifupa yenye uwazi kuzunguka pua, na tezi za mate. Takriban asilimia 90 huanzia kwenye ngozi laini inayotanda ndani ya mdomo na koo.

Visababishi vikubwa ni tumbaku ya kuvuta au ya kutafuna, ukiwemo ugoro, pamoja na pombe na tambuu yenye popoo. Mtu anayevuta na kunywa kwa pamoja yuko hatarini zaidi kuliko mwenye tabia moja tu. Vipo pia virusi: HPV huhusishwa na kansa ya koo sehemu ya tonsili, na virusi vya Epstein-Barr huhusishwa na kansa ya nyuma ya pua. Hii ya nyuma ya pua huwapata hata vijana ambao hawajawahi kugusa sigara.

"Imefika mbali" ina maana mbili

Hapa ndipo familia nyingi huchanganyikiwa, na ndipo uamuzi wote unapoanzia.

Maana ya kwanza: uvimbe ni mkubwa au umeingia kwenye tezi za shingoni, lakini haujatoka nje ya eneo la kichwa na shingo. Hii inaweza kuitwa hatua ya tatu au hata ya nne. Wengi husikia "ya nne" wakadhani mambo yameisha. Siyo hivyo. Kwenye saratani hii, hatua ya nne bila kusambaa mbali bado inaweza kutibiwa kwa lengo la kuponya.

Maana ya pili: saratani imesambaa hadi kwenye mapafu, mifupa au ini, au imerudi baada ya matibabu na haiwezi tena kukatwa wala kupigwa mionzi. Hapo lengo hubadilika. Dawa hutolewa ili mtu aishi muda mrefu zaidi, maumivu yapungue, aweze kumeza na kupumua vizuri.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa daktari lisiwe "ni hatua ya ngapi?" peke yake. Uliza: "Lengo la matibabu haya ni kuponya au kupunguza makali?"

Kemo siyo mionzi

Wapo wanaosema "anachomwa" wakimaanisha kemo. Ni vitu viwili tofauti. Mionzi hupigwa kwa mashine na hulenga sehemu moja tu. Kemo ni dawa. Huingia kwenye damu kwa dripu au vidonge, ikazunguka mwili mzima ikiua seli zinazogawanyika haraka. Seli za kansa hugawanyika haraka, lakini hata seli za nywele, za ngozi ya mdomo na za uboho unaotengeneza damu ni hivyo hivyo. Madhara mengi yanatokea hapo.

Jambo la kukumbuka: kwa saratani ya kichwa na shingo, kemo peke yake haiponyi. Inaweza kusinyaza uvimbe mpaka familia ikafurahi, lakini bila mionzi au upasuaji uvimbe hurudi. Mgonjwa ambaye lengo lake ni kupona asikatishe safari baada ya dripu za kwanza kwa sababu uvimbe umepungua.

Sisplatini, dawa kongwe inayobeba kazi

Dawa kuu ni sisplatini. Kwenye karatasi ya hospitali utaiona imeandikwa Cisplatin. Imetengenezwa kwa madini ya platinamu, na uwezo wake uligundulika kwa bahati. Mwaka 1965, mwanasayansi Barnett Rosenberg wa Michigan, Marekani, alikuwa anapitisha umeme kwenye bakteria akaona wameacha kugawanyika. Kilichowazuia haukuwa umeme wenyewe bali kemikali iliyotoka kwenye vipande vya platinamu alivyotumia. Mwaka 1978 dawa hiyo iliidhinishwa Marekani kwa matibabu ya kansa. Leo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Kama lengo ni kuponya: kemo pamoja na mionzi

Kwa uvimbe mkubwa ambao haujasambaa mbali, utaratibu wa kawaida ni mionzi Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki 7 hivi, jumla ya vipindi 35. Ndani ya wiki hizo mgonjwa hupewa sisplatini. Kipimo kilichozoeleka ni miligramu 100 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, kila baada ya wiki 3, mara 3. Hospitali nyingi hutoa dozi ndogo zaidi kila wiki, kwa mfano miligramu 40, kwa sababu mwili huistahimili vizuri zaidi.

Kazi ya kemo hapa ni kuzifanya seli za kansa zidhoofike mbele ya mionzi. Faida yake imepimwa. Uchambuzi mkubwa uliokusanya tafiti nyingi za dunia uliona kwamba, katika kila wagonjwa 100, kuongeza kemo wakati wa mionzi kuliwaacha hai wengine 6 au 7 zaidi baada ya miaka 5, ukilinganisha na mionzi pekee. Faida hiyo hupungua kadiri umri unavyopanda, na kwa waliopita miaka 70 ni ndogo sana. Ndiyo maana mzee anaweza kupewa mionzi bila kemo. Hajatelekezwa, ni hesabu ya faida na madhara.

Kemo na mionzi kwa pamoja hutolewa pia baada ya upasuaji, pale maabara inapoona kansa imebaki kwenye kingo za sehemu iliyokatwa au imetoboa ganda la tezi za shingoni.

Kuokoa sauti

Zamani mtu mwenye kansa kubwa ya sanduku la sauti alikuwa na njia moja: kuliondoa lote na kupumua kwa tundu shingoni maisha yake yote. Mwaka 1991 utafiti wa Marekani uliohusisha wagonjwa 332 ulionyesha kwamba kuanza na kemo kisha mionzi kuliokoa sanduku la sauti kwa asilimia 64 ya waliopewa njia hiyo, bila kupunguza muda wa kuishi. Utafiti mwingine wa mwaka 2003 ukaonyesha kuwa kutoa kemo na mionzi kwa wakati mmoja kunaliokoa zaidi, asilimia 88 baada ya miaka 2.

Lakini siyo kila mtu anafaa. Kama uvimbe umekula gegedu la koo au mgonjwa tayari hawezi kupumua, upasuaji unaweza kuwa ndiyo njia salama zaidi. Uliza kabla ya kukubali au kukataa.

Kemo kabla ya mionzi

Wengine huanza na mizunguko 2 au 3 ya kemo halafu ndiyo mionzi. Mchanganyiko unaojulikana ni dosetakseli, sisplatini na fluorourasili. Kwa kansa ya nyuma ya pua hutumika zaidi jemsitabini na sisplatini. Ni kemo kali, inahitaji mgonjwa mwenye nguvu kiasi.

Huku kwetu kuna sababu nyingine ya kuanza na kemo: foleni ya mashine ya mionzi. Kama mmeambiwa mnaanza na dripu "wakati tunasubiri mashine", ulizeni tarehe ya mionzi na muiandike. Kisichofaa ni kumaliza kemo halafu kukaa miezi nyumbani.

Kama imesambaa au imerudi

Hapa kemo ya kawaida ni sisplatini au kaboplatini pamoja na fluorourasili au paklitakseli. Tuseme ukweli bila kuzunguka: faida hupimwa kwa miezi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, nusu ya wagonjwa waliopewa kemo ya platinamu na fluorourasili waliishi zaidi ya miezi 7.4. Walioongezewa dawa iitwayo setuksimabu, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 10.1. Hizo ni namba za kundi zima, hakuna anayeweza kukupa tarehe ya mtu mmoja.

Kuanzia mwaka 2016 zimeingia dawa zinazoamsha kinga ya mwili, kama nivolumabu na pembrolizumabu. Hizi siyo kemo. Wachache kati ya wanaozitumia hukaa miaka kadhaa wakiwa vizuri, jambo lililokuwa nadra kabisa zamani. Tatizo ni bei, ambayo familia nyingi za Afrika Mashariki haziiwezi.

Vidonge vya bei nafuu kutoka Mumbai

Madaktari wa hospitali ya Tata Memorial, Mumbai, wana wagonjwa wengi wa kansa ya mdomo na wengi wao hawana hela. Walijaribu njia rahisi: vidonge vya methotreksati mara moja kwa wiki na selekoksibu mara mbili kwa siku, mgonjwa akimezea nyumbani. Wakalinganisha na dripu ya sisplatini ya kila wiki 3 kwa wagonjwa 422 ambao lengo lao lilikuwa kupunguza makali.

Majibu yalitoka mwaka 2020. Nusu ya waliotumia vidonge waliishi zaidi ya miezi 7.5, wa dripu miezi 6.1, na wa vidonge walipata madhara makali machache zaidi.

Hii siyo ruhusa ya kwenda duka la dawa kujinunulia. Methotreksati ikimezwa kila siku badala ya mara moja kwa wiki inaweza kuua. Ila kama lengo ni kupunguza makali na nauli ya kwenda hospitali kila mara ni shida, ni haki yako kumuuliza daktari kama vidonge vinafaa.

Siku ya dripu inakuwaje?

Kwanza unapimwa damu: wingi wa damu, figo, ini na chumvi za mwili. Majibu yakiwa mabaya dripu inaahirishwa. Usikasirike, wanakulinda.

Kisha unapewa maji mengi kwa mshipa kabla na baada ya sisplatini ili figo zisafishwe, pamoja na dawa za kuzuia kutapika. Zoezi zima linaweza kuchukua siku nzima. Kama mkono unawaka au unavimba pale sindano ilipoingia, mwambie nesi hapo hapo. Usivumilie.

Kwa saa 48 baada ya dripu, mabaki ya dawa hutoka kwenye mkojo, kinyesi na matapishi. Anayemhudumia mgonjwa avae glovu anaposafisha, choo kimwagiwe maji mara mbili, na nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake. Kula pamoja, kukumbatiana na kulala chumba kimoja hakuna shida.

Madhara ya kutarajia

- Kichefuchefu na kutapika: sisplatini ni miongoni mwa dawa zinazotapisha sana. Meza dawa za kuzuia kwa saa ulizopangiwa, usisubiri mpaka utapike.
- Figo: kunywa maji ya kutosha. Epuka diklofenaki na ibuprofeni za kujinunulia.
- Masikio: mlio au kutosikia vizuri. Mara nyingi hairudi kama zamani, kwa hiyo ukianza kusikia mlio sema mapema.
- Ganzi vidoleni na miguuni.
- Vidonda vya mdomo na koo: huwa vikali zaidi kemo ikiwa pamoja na mionzi, hasa kuanzia wiki ya tatu.
- Nywele: sisplatini huzipunguza kidogo tu. Paklitakseli na dosetakseli ndizo zinazong'oa zote. Huota tena.
- Uzazi: tumieni njia ya kuzuia mimba wakati wa matibabu na kwa muda atakaosema daktari baada ya hapo.

Homa ni dharura

Wiki ya kwanza hadi ya pili baada ya dripu, chembe nyeupe za damu hushuka na mwili unakosa walinzi. Joto likifika nyuzi 38 au mgonjwa akitetemeka kwa baridi, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Usimpe panadoli ukasema tutaona asubuhi. Usidhani ni malaria ukamaliza siku tatu na dawa ya mseto. Mwambie daktari wa zamu neno moja la muhimu: "Yuko kwenye kemo."

Nunueni kipimajoto. Ni kifaa cha bei ndogo kinachookoa maisha.

Chakula ni sehemu ya tiba

Wengi hukatisha matibabu kwa sababu hawawezi kumeza, wanapungua kilo na kukosa nguvu. Na kukatisha mionzi katikati kuna gharama: wataalamu wanakadiria kwamba kila siku moja inayoongezeka kwenye ratiba hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa takriban asilimia 1 au zaidi kidogo. Wiki moja ya kupumzika nyumbani siyo jambo dogo.

Andaa vyakula laini vyenye nguvu: mtori, uji wenye maziwa na karanga zilizosagwa, parachichi, mayai, supu iliyochujwa. Acha pilipili, limao na vya moto sana. Sukutua mdomo mara kwa mara kwa maji yenye chumvi kidogo na magadi ya kuokea.

Kama hamezi kabisa, mpira wa kulishia wa puani au tumboni unaweza kuwekwa kwa muda. Familia nyingi huuogopa zikidhani ndiyo mwisho. Kumbe mara nyingi ndio unaomfikisha mgonjwa kipindi cha 35.

Kabla ya kuanza, kamilisha haya

- Meno yakaguliwe. Jino bovu ling'olewe kabla ya mionzi, kwa sababu kung'oa baadaye kunaweza kusababisha mfupa wa taya kuoza.
- Acha sigara, ugoro na pombe. Anayeendelea kuvuta mionzi humsaidia kidogo zaidi.
- Sema dawa zote unazotumia, pamoja na za asili. Hakuna atakayekufokea, ila baadhi huumiza ini na figo.
- Kama una VVU, usiache ARV. Kemo inawezekana. Ila daktari ajue, maana tenofovia nayo huelemea figo na inaweza kubadilishwa.
- Figo mbovu au masikio mabovu? Sisplatini huenda isifae. Daktari anaweza kutumia kaboplatini au mionzi pekee.

Matibabu yako wapi?

Tanzania, kituo kikuu ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi pia zina huduma za saratani. Kenya wapo Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret. Uganda ni Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, iliyoanzishwa mwaka 1967. Pita ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mapema kama gharama ni mzigo, usisubiri mpaka mmeishiwa.

Maumivu siyo ya kuvumilia

Mofini ya maji haimaanishi mtu anakufa leo, na ikitumika kama ilivyoagizwa kwa ajili ya maumivu ya kansa ni salama. Uliza kitengo cha tiba shufaa tangu mwanzo. Kwa kidonda kinachotoa harufu, wahudumu hao wana njia rahisi, kama kutumia metronidazoli iliyosagwa juu ya kidonda. Harufu ikiisha, mgonjwa anarudi kukaa sebuleni na wenzake badala ya kujificha chumbani.

Maswali 6 ya kwenda nayo

1. Lengo ni kuponya au kupunguza makali?
2. Imesambaa? Mmeangalia mapafu?
3. Dawa zipi, mara ngapi, na mionzi inaanza lini?
4. Bila kemo, mionzi au upasuaji pekee ungefikia wapi?
5. Nikipata homa usiku nipige namba gani?
6. Tutajuaje kama dawa inafanya kazi, na lini tutaacha?

La sita watu huogopa kuliuliza. Kuna wakati kuacha kemo ni uamuzi sahihi, kama mwili umechoka na uvimbe unaendelea kukua. Kuacha kemo siyo kuacha kutunzwa. Na mgonjwa mwenyewe awemo kwenye mazungumzo hayo. Mwili ni wake, ana mambo yake ya kupanga.

Kwa ambaye bado hajaumwa

Kidonda cha mdomo kisichopona wiki 3, sauti iliyokwaruza wiki 3, uvimbe shingoni usioisha, kumeza kwa shida, damu puani upande mmoja au sikio moja kuuma bila sababu: nenda ukaangaliwe na daktari wa pua, koo na masikio. Usimalize miezi sita kwa kubadilisha antibayotiki. Ikikutwa mapema, mara nyingi huhitaji kemo kabisa. Upasuaji au mionzi pekee hutosha.